Sura ya Mama Mkwe

Fortunata hakumpenda Jovin, na Jovin hakumpenda Fortunata, na hakuna kati yao aliyejisumbua kuficha hilo.

"Shikamoo, bibi," kijana alikuwa akisema kila asubuhi huku anachomeka waya wake kwenye soketi ya duka.

"Marahaba. Bado hujapigwa shoti?"

"Nakusubiri utangulie."

Ndivyo walivyoamkiana tangu Pasaka kwenye baraza la Isidori, Mchaga muuza sufuria wa jumla, mtaa wa tatu kutoka soko la Kariakoo. Fortunata alikuwa amekaa hapo miaka ishirini na mbili na ubao wake, penseli na makaa, akichora sura za watu: wachumba, wanasoka, marehemu. Jovin aliletwa na shangazi yake Matilda, ambaye ni mke wa Isidori, kwa hiyo hakuna wa kumfukuza. Alikuja na tableti, kalamu ya plastiki isiyotoa wino, na printa kubwa kama jeneza la mbuzi.

Mwezi wa kumi na moja Isidori akaamua kuumaliza ugomvi huo. Desemba ukoo wake wote ungepanda Rombo kubariki kaburi la mama yao, Candida, na walitaka picha yake ya kusimamisha pale misa inaposomwa. Picha hawakuwa nayo. Zote zilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda enzi zile wanakaa Jangwani, na maji ya mvua yalipoingia ndani, kila mtu aliokoa godoro lake. Ilibaki fotokopi moja ya kitambulisho, nyeusi tii, humwoni hata pua.

"Atakayenirudishia sura ya mama yangu, baraza ni lake," Isidori alisema. "Mwingine atafute pa kwenda. Nimechoka kusikia mnatukanana mbele ya wateja."

Alianza Jovin. Jumapili baada ya misa aliketi sebuleni kwa Isidori, ghorofani juu ya duka, na Isidori akamwita dada yake Hyasinta aje waeleze mama yao alivyokuwa. Fortunata naye aliitwa, eti ashuhudie. Alikaa kwenye kona na sahani yake ya ndizi.

"Pua ipunguze," alisema Hyasinta.

Jovin akapunguza.

"Macho makubwa kidogo. Mama alikuwa na macho."

Jovin akaongeza. Isidori akataka mashavu, akapewa. Hyasinta akataka mashavu yarudi, yakarudi. Mtu akijuta, Jovin anagusa kioo mara moja na kosa halijawahi kutokea. Ilipofika saa kumi jioni Candida hakuwa na mkunjo hata mmoja, ana meno kama ya tangazo la dawa ya mswaki, na alifanana sana na Hyasinta anayekwenda harusini. Hyasinta akajifuta machozi.

"Mzuri," alisema Isidori, kama mtu anayesifia gari la jirani.

Fortunata alimwona. Akameza ndizi yake.

Katika kazi yake alikuwa na njia moja ambayo hakumwambia mtu. Akichora marehemu, hakuwasikiliza sana waliompenda. Hao walimwambia alikuwa mzuri, alikuwa na roho safi, na roho haichoreki. Aliwahi kumchora mzee mmoja wa Magomeni kwa maelezo ya mpangaji aliyefukuzwa na mzee huyo, na wajane wote wawili wakapiga yowe.

Jumatatu, Isidori akiwa dukani, Fortunata alipanda ghorofani na karatasi yake. Matilda alikuwa anachambua mchele.

"Mama Jackie, naomba kukaa kidogo. Huko chini Jovin kanijazia nyaya."

"Kaa. Baraza lenyewe ni lake wiki hii."

"Nimeshakubali." Fortunata akaanza kuchora duara, polepole. "Ila wewe mwenzangu ulibahatika. Nasikia mkweo alikuwa mpole sana."

Matilda akauacha mchele. "Nani kakwambia?"

"Wifi yako. Anasema miaka yote kumi na moja mliyokaa naye kule Jangwani hakuwahi kukukunjia uso."

"Hyasinta alikuwa anakuja Krismasi, anakula, anaondoka. Anajua nini?"

"Eti hata akionja mchuzi wako alikuwa anatabasamu."

"Anatabasamu?" Matilda akasogeza kiti. "Alikuwa anavuta mdomo huku, upande wa kushoto. Na jicho linajifunga kidogo, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Halafu anasema, 'Mama Jackie, kwenu huwa mnaweka chumvi?'"

"Jicho lipi?"

"La kulia. La kushoto nyusi imekatika katikati, alipigwa pembe na ng'ombe."

"Labda umesahau. Ni zamani."

"Nisahau? Lete hapa. Kidevu si hivyo, kimechongoka, alikuwa anakunyooshea hicho badala ya kidole. Na shingoni kuna mshipa. Akitaka kusema neno baya, mshipa unasimama kwanza."

Fortunata akafuta, akachora. Akafuta tena. Karatasi ikaanza kuota manyoya.

"Sema vizuri, Mama Jackie. Nikifuta mara ya tatu inatoboka."

Matilda akafumba macho. Akaeleza mdomo ule mara moja tu, kona kwa kona, na Fortunata akauweka.

Alipofumbua macho, Matilda aliitazama karatasi, akasimama, akaivuta sketi yake chini ya magoti na kulifunika sinia la mchele. Ndipo akagundua alichofanya.

"Mshenzi wewe," alisema taratibu.

"Marahaba," alisema Fortunata.

Jioni wakakusanyika sebuleni. Fortunata akaifunua picha. Isidori alikuwa anachokonoa meno. Akakitoa kijiti mdomoni na kukificha mfukoni.

"Mbona kakasirika?" alisema Hyasinta. "Hii siendi nayo kanisani. Padri atafikiri anasemwa yeye."

"Ya Jovin imechangamka," alisema Matilda haraka. "Baba Jackie, chukueni ya Jovin."

Jovin akatoa simu apige picha ile karatasi. Fortunata akaifunika kwa upande wa kanga yake.

Isidori akamtazama mke wake, akamtazama dada yake. "Basi, ya Jovin."

"Sawa," alisema Fortunata. Akafunua tena, akatoa raba, akaanza na kidevu. "Karatasi yangu, nitamchorea mteja mwingine."

Ncha ya kidevu ikaondoka.

"Ngoja," alisema Isidori.

"Ningoje nini? Mama yako yuko kwenye tableti. Ana meno mazuri." Raba ikapanda kwenye mdomo.

"Usimguse mama." Isidori alikuwa ameshamshika mkono, na sauti yake haikuwa ya muuza jumla. "Baraza lako. Acha."

"Na waya?"

"Jovin, kachomoe."

"Huyu ni mtoto wa kaka yangu," alisema Matilda.

"Namjua."

"Na huyo mama yako hatundikwi sebuleni kwangu. Nitakula wapi mimi?"

"Atatundikwa," alisema Isidori.

Wakaanza. Fortunata alirudisha kidevu kwa mistari mitatu bila kumuuliza mtu, akaiacha picha mezani katikati ya ugomvi, akashuka ngazi. Jovin alikuwa barazani anakunja waya, na huko juu shangazi yake anasikika mpaka kwenye foleni ya bajaji.

"Bibi, ungemfuta kweli?"

"Uso wote. Hata lile kovu la nyusi."

"Wewe ni mchawi."

"Toa na printa yako," alisema Fortunata, akasimama kumtazama anavyoiburuta mpaka barabarani.