Nyumba Iliyokataa Makaa ya Sajini

Kosa lilikuwa langu, na lilitoka kwenye mdomo huu huu unaopenda kuchekesha watu. Nilikaa kwenye kibanda cha chai pale Kibuli, Kampala, chini kidogo ya msikiti. Chai yenyewe haina sukari, maana sukari siku zile za utawala wa wanajeshi ilikuwa kama mwezi wa Idi: kila mtu anaitafuta, na anayeiona lazima aape. Mtu mmoja akaanza kulia juu ya makaa, kwamba hayapatikani, na yakipatikana yana mateso. Mimi Mugisho, fundi nyumba, diploma yangu nimeitoa Bukavu, nikashindwa kunyamaza.

"Nendeni kwa Mama Kaltumi mkajifunze," nikasema. "Nyumba yake siku hizi inakula makaa kama bibi harusi anavyokula mbele ya wakwe. Inadonoa tu! Gunia linakaa mle ndani mpaka linaota ndevu."

Watu wakacheka, nami nikafurahi. Kumbe kwenye kona, nyuma ya gazeti, alikuwapo Sajini Zubairi, na yeye hakucheka. Alilikunja gazeti polepole, akanitazama kama mtu anayepima kitambaa, akatoka.

Mtu wa Kibuli hahitaji kuelezwa, lakini wewe acha nikueleze. Makaa ya upande wetu wote yalikuwa ya Zubairi. Lori la jeshi lilikuwa linashusha magunia nyuma ya nyumba yake, na mafuta ya taa pia. Magendo tupu, ila nani angemwambia mwanajeshi kwamba anafanya magendo? Umeme nao ulikuja ukitaka, ukaondoka bila kuaga. Basi kila mwanamke alikwenda kwa Zubairi. Na pesa peke yake haikutosha: ilibidi upige goti kwanza. Wanawake wa Kiganda hupiga magoti wakisalimia, ni heshima yao, na wanampa wanayetaka kumpa. Zubairi aliichukua heshima ile akaifanya ushuru. Hata mke wangu Kavugho, Mnande wa Butembo, ambaye hakunipigia goti hata siku ya harusi, alimpigia Zubairi ili watoto wale.

Mama Kaltumi ndiye aliyekataa. Alikuwa mwenye nyumba wetu, mjane wa Kinubi, mrefu, mwenye gurubaba, zile shuka za Kinubi, za rangi kali, na vidole vyake vilikuwa havipumziki kusuka ukindu. Zubairi alikulia mlango wa tatu kutoka kwake. Mama yake alipougua, Kaltumi ndiye aliyembeba mgongoni yule mtoto. Sasa siku moja, gunia lake likiwa limeanza kupungua, Kaltumi alikwenda na karai lake, Zubairi akamwambia, "Goti, Hajati." Kaltumi akamwangalia kuanzia viatu mpaka kofia. Akaligeuza karai, akalivaa kichwani, akarudi nyumbani. Akapitia chumba chetu cha uani.

"Fundi."

"Naam, Hajati."

"Una diploma?"

"Ninayo."

"Ya nini?"

"Ya ujenzi."

"Basi nitengenezee nyumba isiyomhitaji Zubairi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Hajati, saruji hakuna," nikasema. "Misumari hakuna. Vioo ndiyo usiseme."

"Mungu aliumba dunia bila saruji. Anza."

Nyumba ile ilikuwa mgonjwa kweli. Mchana bati linakuchoma, usiku linakumwagia baridi. Madirisha yalitazama ukuta wa jirani, kwa hiyo adhuhuri jua likiwa utosini, ndani mmewasha taa. Na jikoni mafiga matatu yalikuwa yanapasha joto mbu kuliko chungu. Nikatoboa ukuta wa mashariki, nikaweka matundu juu karibu na paa ili joto lipate pa kutokea. Tukateremka bondeni kukata mafunjo, Kaltumi na Kavugho wakayafuma mikeka minene, nikaifunga chini ya bati kama dari. Kioo cha jikoni nilikipata kwenye Pijo iliyokufa kando ya barabara kwa kukosa vipuri. Nikakipachika kwenye paa, na kuanzia siku hiyo Kaltumi alichagua mchele kwa mwanga wa jua, anatazama mbinguni kupitia kioo cha gari. "Sasa hata nikipika nasafiri," akasema.

Jiko nililijenga kwa udongo wa kichuguu, na bomba la moshi juu. Bomba la kwanza nililifanya fupi. Moshi ukapanda, ukaangalia nje, ukaona Kampala ilivyo, ukarudi ndani. Tukatoka uani wote tunalia, majirani wakaja kutupa pole wakidhani kuna msiba. La pili nikalirefusha, likavuta vizuri.

Lakini kilichommaliza Zubairi hakikuwa kazi yangu, kilikuwa kapu. Kaltumi alisuka kapu nene la ukindu lenye kifuniko, akalijaza maganda makavu ya migomba, katikati akaacha nafasi ya sufuria. Maharage unayachemsha kidogo tu, unayatia kwenye kapu, unafunika, unakwenda zako. Yanajiiva yenyewe bila moto. Wanawake wakaanza kuja kwake kimya kimya, huyu na ukindu chini ya shuka, yule na maganda ya migomba kichwani. Foleni kwa Zubairi ikapungua, na yeye hakujua kwa nini. Mpaka mimi nilipofungua domo kwenye chai.

Kesho yake asubuhi akaja. Alikuja peke yake, shati la maua, makubadhi miguuni, bastola kiunoni. Nikaona haraka kwamba hana askari. Makaa yalikuwa yake, si ya kambi; angewaleta wenzake, wangeuliza fungu lao.

"Salaam aleikum, Hajati. Makaa unanunua kwa nani?"

"Waleikum salaam. Sinunui."

"Unapika na nini, na mate?"

"Na akili. Ukitaka nitakuazima kidogo."

Kavugho alikohoa. Zubairi hakugeuka. "Kuna mtu anakuletea magendo," akasema. "Na mtu wa magendo unajua anapelekwa wapi."

Tulijua. Kando yetu mlango wa mwalimu Olanya ulikuwa umefungwa tangu alipochukuliwa kwenda kujibu maswali machache. Mpaka siku ile hakuwa amemaliza kuyajibu. Nikajaribu kufuta nilichoandika: "Afande, ni mimi. Jana nilitia chumvi, unajua mdomo wangu..."

"Nyamaza, Mkongomani. Zamu yako inakuja."

Akaanza kupekua. Chini ya kitanda. Ndani ya pipa. Akagonga kuta, akachungulia choo, akapandisha mkono kwenye dari langu la mafunjo, vumbi likamshukia usoni akapiga chafya kama mbuzi. Mwisho akavuta gunia moja kutoka kwenye kona, nusu, lina utando wa buibui.

"Na hili?"

"Hilo ni lako, mwanangu. Nililinunua kabla hujaanza kuuza magoti."

Uani watu walishaanza kujaa. Kibuli hawaendi mahali wanapoitwa, wanakwenda mahali wanaposikia sauti.

"Haiwezekani," Zubairi akasema. "Gunia hili tangu wakati ule? Haiwezekani."

"Basi kaa uone." Kaltumi akatia vijiti vichache na vipande vya makaa vinavyojaa kiganja, maharage yaliyolala kwenye maji yakachemka chini ya kioo cha Pijo. Akaliinua sufuria, akalizamisha kwenye kapu, akafunika. "Hakuna moto. Hakuna mtu wa magendo. Ukiogopa nitakuibia, kalia."

Na yeye akakalia, wallahi. Sajini wa jeshi, bastola kiunoni, juu ya kapu kama kuku anayeatamia. Akakaa, akabadilisha tako, akakaa. Adhana ya adhuhuri ikalia, hakuondoka. Banange, nilikuwa na maneno matano tayari mdomoni, yote matamu. Nikayameza yote, moja moja.

Kaltumi akafunua. Mvuke ukapanda. Akachukua harage moja, akalibonyeza kwa vidole mbele ya macho ya Zubairi, likawa uji. Kisha akampakulia, maana kwa Wanubi hata anayekuja kukukamata hawezi kuondoka na njaa. Zubairi alikula. Akaongezwa, akala. Ndipo alipoinua macho akaona uani umejaa wanawake, wote wamesimama, wote wanatazama kapu. Hakuna mwanamke wa mtaa ule ambaye hakuona harage lile. Nikaona jambo linamwingia: alikuja kutafuta magendo, na badala yake amekaa asubuhi nzima akiwafundisha watu jinsi ya kutomhitaji.

Akajifuta mdomo. "Jiko hili livunjwe. Kapu lichomwe. Matundu yazibwe."

"Kwa kosa gani?"

"Kuharibu uchumi wa nchi."

"Sawa," Kaltumi akasema. "Nipeleke kwa wakubwa wako. Nitaungama kila kitu. Nitasema, wakubwa, kosa langu nimeacha kununua makaa ya lori la jeshi. Wataniuliza, lori gani? Linashusha kwa nani? Na mimi mtu mzima sijui kusema uongo."

Zubairi akageukia kwangu, maana mtu akishindwa na mama hutafuta mpangaji. "Wewe fundi. Umejenga wewe, vunja wewe."

"Afande," nikasema, na sijui sauti ile ilitoka wapi, "diploma yangu ni ya kujenga. Kubomoa hatukusoma."

Akatoa bastola akaiweka kwenye tumbo langu. Nakwambia kweli, magoti yangu yalitaka kupiga magoti yenyewe bila kuniuliza. Lakini nilimwona Kavugho pembeni, mikono kifuani, amesimama wima kama nguzo ya umeme, nikaona aibu kuanguka mbele yake. Nikabaki juu. Sikuvunja.

Kaltumi akaja akasimama katikati yetu, akampa Zubairi mgongo. Mgongo, si uso.

"Anza hapa," akasema. "Huu ndio uliokubeba. Unaujua vizuri, hutakosea."

Nikaona Zubairi anapiga hesabu: mlio mmoja, kambi nzima inakuja, maswali, lori. Au labda hakuwa anapiga hesabu, labda alikuwa anautazama tu mgongo ule. Akairudisha bastola kiunoni. Kwa hasira akalipiga teke jiko. Udongo wa kichuguu ukikauka ni jiwe, na yeye alivaa makubadhi. Jiko halikutikisika. Zubairi ndiye aliyeruka kwa mguu mmoja, akashika ukuta, uso umebadilika rangi.

Hakuna aliyecheka. Hata mimi.

Akawageukia watu wa uani, jasho linamtoka chini ya shati la maua. Pale walikuwapo seremala Ongom, mafundi bati wawili, washona viatu, na mimi. Mtaa wetu ni wa mafundi. Mmoja wao alikuwa na nyundo mkononi, wazi kabisa, ametoka nayo kazini.

"Nani ana nyundo?"

Watu wakamtazama. Ongom akakuna shingo. Mtoto akalia akanyamazishwa kwa titi.

"Nimesema, nani ana nyundo?"

Kaltumi alikuwa ameshachutama, anafunika kapu lake. Zubairi akashusha sauti, akajaribu kwa upole, kama mtu anayeomba maji kwenye mlango wa watu.

"Jamani. Nyundo tu. Nitairudisha."