Ripoti Kwenye Kucha za Mtoto

Jamani, hii hamtaiamini, na sina muda wa kuwabembeleza. Kucha zipo, nendeni mkasome.

Asubuhi moja fundi cherehani alimpakata mwanawe wa miezi saba, akachukua kimkasi cha kukatia nyuzi amkate kucha. Kwenye kidole gumba pameota maandishi meupe: ASENIKI. Kinachofuata: KISIMA CHA PAMPU YA BLUU. Cha kati: MARA NANE YA KIPIMO SALAMA.

"Wifi, hebu nisomee, macho yangu yamechoshwa na sindano."

Wifi akasoma, akasonya. "Sumu hiyo. Ndiyo maana haongezi kilo. Na wewe unavyochemsha maji yake ya uji nusu saa nzima!"

"Si kliniki walisema tuchemshe?"

"Vijidudu ndiyo vinakufa. Hii haifi. Maji yanapungua, yenyewe imekaa chini ya sufuria, inakuangalia tu."

Fundi akambeba mtoto mgongoni hadi ofisi ya maji. Meneja, kitambi kilichofungwa tai, alisogeza chupa zake za maji ya dukani, akavaa miwani, akasoma vidole kimoja kimoja.

"Mama, ripoti haina muhuri."

"Bosi, hizo ni kucha za mtoto."

"Ndiyo nasema. Hazina muhuri."

Wiki ya pili kucha zikaota na muhuri, wa zambarau, tarehe ndani. Meneja akaupima kwa rula.

"Muhuri safi. Ila hii nakala moja. Tunataka tatu."

Nakala hazikuwa tabu. Watoto kumi na tisa wa mtaa ule walishaota maneno hayohayo, nukta kwa nukta. Mama zao wakapanga foleni. Meneja akavipiga picha vidole vyote, akatangaza kwamba kucha hizo sasa ni nyaraka za ofisi, marufuku kuzikata mpaka kamati ikae.

Kamati ikakaa. Ikanywa maji ya chupa, ikapiga miayo, ikatuma mtu na brashi akaipaka pampu rangi ya kijani. Ripoti ilitaja pampu ya bluu. Pampu ya bluu haipo. Faili likafungwa, wakapeana mikono kama wanaume waliochimba bahari.

Fundi akasimama pale na ndoo, rangi bado mbichi, mtoto mgongoni analia kiu. Kisima kingine ni mwendo wa saa mbili kwenda tu.

Haya, wewe mwenzangu, ungemnywesha nini?