Hamu Iliyobaki Kwenye Barakoa

Jumatatu ambayo agizo la barakoa lilianza kutumika, Fanuel mlinzi alipigilia msumari wa inchi tatu kwenye fremu ya mlango wa duka, akatundika barakoa moja ya kitambaa cha buluu. Ilikuwa Julai, mwezi ambao Mlima Meru hujifunika mawingu wiki nzima na watu wa Arusha hutembea mikono imo kwapani. Agizo lilisema asiye na barakoa asiingie dukani wala mgahawani. Wateja walilitii kwa namna yao: walifika mlangoni, wakasoma karatasi iliyobandikwa, wakageuka kwenda kununua gengeni, ambako hakuna mlango.

Bosi Reginald, Mchaga wa Machame, alianza na marobota ya mitumba enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, akapanda mpaka kufikia duka la rafu kumi na mbili pale Daraja Mbili, na mgahawa ubavuni. Hakuwa mtu wa kukaa akitazama wateja wakigeuka.

"Weka moja ya kuazima," alimwambia Fanuel. "Anayeingia avae, anayetoka avue."

"Sawa bosi," alisema Fanuel. Kusema sawa bosi ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa, kulinda kulifuata. Akaitoa ile barakoa kwenye droo yake, ilikokuwa tangu Februari.

Mambo yalijulikana Jumanne. Lerionka, mzee wa Kiarusha aliyeshuka kutoka Oldonyosambu kununua sukari na viberiti, aliivaa, akaingia, akatoka na kopo la dawa ya kulainisha nywele. Aliligeuzageuza mkononi. "Nilipokuwa ndani niliitaka kweli kweli," alisema. Mwalimu Violet, aliyekuwa amemtangulia, bado alikuwa kibarazani na paketi ya nepi, ilhali hana mtoto mdogo. Alisema dawa ya nywele ni yake. Mzee akampa, wakaagana vizuri.

Ndivyo ilivyokuwa. Ukiivaa barakoa ile, ulitamani alichokuja kukitafuta aliyekutangulia, na hamu yako mwenyewe ulimwachia anayekufuata. Watu hawakupiga kelele. Walipanga utaratibu: aliyetoka alimsubiri aliyemfuata, naye akitoka na mzigo wake, anamkabidhi. Mgahawani hali ilikuwa hiyo hiyo, ila chakula hakibadilishwi kikishaliwa. Mtu asiyependa ndizi tangu utoto aliagiza mtori, akaumaliza, akalipa, kisha akasimama dirishani kumtazama mwenzake akila chipsi ambazo yeye ndiye aliyezifuata. Wenye barakoa zao walipita na shida zao wenyewe. Mauzo yakarudi. Reginald aliridhika, maana rafu haiulizi kama mtu anajinunulia au anamnunulia jirani.

Jumamosi ya pili akaja Agnela.

Agnela alikuwa mke wa marehemu Manase, na Manase alikuwa mtunza stoo wa duka lile kwa miaka tisa, mpaka alipofariki Februari. Alimsalimia Fanuel, akaomba dakika moja.

"Siwezi kuacha mlango, shemeji," alisema Fanuel.

Basi akamweleza hapo hapo, kwa sauti ya chini, wateja wakipita katikati yao. Ukoo wa mumewe, huko Kikatiti, ulikaa baada ya mazishi ukasema yeye ndiye aliyemletea Manase ugonjwa, kwa kuwa Januari alikwenda Rombo kumzika shangazi yake. Wakamwondoa kwenye nyumba aliyoijenga na mumewe. Sasa yeye na mtoto wao, Anande, walikuwa wamepanga chumba kimoja Engutoto. Jumapili ya wiki iliyofuata ukoo ungekaa tena kulimaliza shauri.

"Sitaki kitu kingine," alisema. "Njoo uwaambie ulichokiona hapa mlangoni. Basi."

Alichokiona Fanuel ni hiki. Februari, agizo likiwa bado halijaja na ugonjwa wenyewe ukitajwa kwa kuzungukazunguka, Manase alikuja kazini amevaa barakoa ya buluu. Stoo haikuwa na dirisha, na wapakiaji wawili walikuwa wakikohoa. Reginald alisema barakoa inafukuza wateja, watadhani duka lina ugonjwa, kwa hiyo mfanyakazi asiingie nayo. Fanuel ndiye aliyenyoosha mkono. Manase aliivua mwenyewe, akaikunja mara mbili, akampa, akaenda kazini. Siku kumi na tisa baadaye alifariki, na cheti kikaandikwa nimonia. Fanuel aliona aibu kuitupa ile barakoa na aibu kuirudisha, na mwenye aibu mbili hunyamaza.

"Nitaangalia, shemeji," alisema.

Agnela aliitazama barakoa pale msumarini. "Hii niliishona mimi," alisema, bila ugomvi. Akaivaa, akaingia. Alinunua unga wa lishe aliokuwa akiutaka mtu wa mbele yake, akasimama kidogo kwenye mlango wa stoo, akatoka, akaitundika tena. Macho yake, yaliyokuwa mekundu alipokuja, yalikuwa meupe.

"Najisikia mwepesi," alimwambia Fanuel, akaenda zake.

Aliyefuata alikuwa fundi rangi. Aliingia kununua brashi, akapita rafu zote kumi na mbili akichungulia nyuma ya mifuko ya unga. Alipofika kwa Jackline, keshia, alimuuliza, "Baba Anande yuko wapi?"

"Hayupo," alisema Jackline.

Fundi rangi akatoka mikono mitupu, mashavu yamelowa. Wa pili naye akamtafuta Baba Anande. Wa tatu vile vile. Hamu ya chumvi humtoka mtu akishainunua chumvi, lakini hii hakuna aliyepata kitu cha kuimaliza, kwa hiyo ilibaki kwenye kitambaa, na hamu za wengine zikakosa nafasi. Jioni ya siku ya kwanza Fanuel aliifua kwa sabuni ya mche. Asubuhi ilikuwa safi, na haikubadilika.

Mgahawani ilikuwa afadhali kidogo, kwa sababu waliagiza. Waliagiza sahani mbili. Moja waliifunika kwa sahani nyingine, wakakaa wakiangalia mlango, hata ile ya kwanza ikapoa. Kisha walilipa na kuondoka bila kula. Siku ya tatu mpishi alianza kupika kidogo. Siku ya nne watu wakaanza tena kugeuka mlangoni. Si kwamba waliogopa, ila mtu akitoka nyumbani kufuata mafuta ya kula hana nafasi ya kumlilia mume wa mwenzake.

Reginald alikuja kusimama kwenye msumari. "Hawa wana nini?"

"Wanamtafuta Manase, bosi."

"Waambie hayupo."

"Wanaambiwa."

Alhamisi, afisa afya wa kata alikuja kukagua bila taarifa. Barakoa ya Reginald ilikuwa imebaki kwenye gari. Afisa alimtazama usoni, akafungua kitabu chake. Reginald alinyoosha mkono bila kugeuka, akaitoa ile ya msumarini, akaivaa.

Alimwacha afisa pale pale akaenda stoo. Fanuel alimfuata. Mzee wa miaka sitini na miwili, mwenye mgongo mbovu, alishusha magunia ya mchele moja baada ya jingine, akichungulia nyuma ya kila gunia. "Baba Anande," aliita polepole. "Baba Anande, umekula?" Alishusha magunia kumi na moja. Alipokosa mtu alikaa juu ya gunia la mwisho, akalia bila sauti, mikono juu ya magoti.

Fanuel alisimama mlangoni. Kwa miezi mitano alikuwa amemngoja mtu mwingine aliseme lile neno, ili yeye apone kulisema. Aliona sasa limefika.

Reginald aliivua barakoa. Alijifuta machozi kama mtu anayejifuta manyunyu, akatazama magunia.

"Mchele umepangwa vibaya," alisema. "Waite vijana waupange. Na hii itoe, kanunue nyingine."

"Bosi, ni ile ya Manase. Ile tuliyomvua."

"Manase alikuwa mfanyakazi mzuri," alisema Reginald. "Nimonia ni ugonjwa mbaya sana." Akaenda kumsindikiza afisa afya.

Fanuel alitia barakoa mfukoni, akatundika mpya. Mchana huo huo wateja wakaanza kutoka na sabuni na majani ya chai, kila mtu na vyake. Alikasirika kwa mara ya kwanza katika mwaka ule, na hasira yenyewe ilikuwa ndogo, ila alikuwa nayo bado Jumapili asubuhi. Baada ya ibada ya kwanza akapanda gari la Kikatiti.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa Mzee Sumari, baba yake Manase, chini ya kalenda ya usharika. Wanaume walikaa kwenye makochi, wanawake kwenye mabenchi, na Agnela kwenye kigoda karibu na mlango. Fanuel akainama kumsalimia.

"Umekuja, shemeji," alisema Agnela. Kisha akamwambia jambo, sikioni. "Tangu siku ile sijamlilia. Nalala mpaka kunakucha. Najua kwamba namkosa, lakini ni kama habari ya kusimuliwa."

Fanuel alitoa shikamoo kwa wazee wote, akaombwa aseme. Alisema Manase alikuja kazini na barakoa, kwamba walimvua mlangoni, kwamba mkono uliopokea ulikuwa wake na agizo lilikuwa la bosi, na kwamba ndani ya stoo kulikuwa na watu wanaokohoa. Haikuzidi dakika mbili. Miezi mitano alidhani ni maneno marefu.

Baba mdogo wa marehemu akasema, "Reginald ndiye aliyetoa gari la kuleta mwili. Alisimama hapo nje na rambirambi yake mkononi. Mtu kama huyo tutamwambiaje?"

"Na huyu mwenyewe mtazameni," alisema dada wa marehemu, akimwonyesha Agnela kwa kidevu. "Mumewe anatajwa, hata chozi."

"Chozi lake liko humu," alisema Fanuel, akaitoa barakoa.

Ilipita mkono kwa mkono mpaka kwa Mzee Sumari. Aliinusa, akaivaa, akavuta kamba nyuma ya masikio. Akainuka. Walimpisha mlangoni, wakasimama barazani kumtazama.

Alikwenda migombani kwanza, akapenya kati ya mashina akigusa kila moja. Akafungua banda la ng'ombe, akafungua choo, akafungua ghala la mahindi. Kaburi la saruji alilipita pembeni bila kusimama, maana anayemtafuta mtu hivyo haanzii kaburini. "Baba Anande," aliita. Alimwita mwanawe mwenyewe kwa jina aliloitwa na mkewe, kwa sauti ya mtu ambaye ameshaandaa chai. Alizunguka boma mara tatu. Mvua nyembamba ilianza, hakuikimbia.

Aliporudi alikaa, akaivua, ndevu zote zimelowa.

"Kumbe anamtaka hivi," alisema.

"Ndiyo, baba," alisema Agnela.

"Mimi nilikuwa sijamlilia. Siku ya mazishi kulikuwa na wageni wengi mno."

Baba mdogo alikohoa kidogo. Akauliza kama basi shauri libadilike. Mzee Sumari alifikiri, na kila mtu aliona kwamba anafikiri kwa haki. Alisema maneno ya mlinzi ni ya kweli, ameyapokea, na mwanamke huyu hana kosa. Lakini nyumba ilikuwa imeshakabidhiwa kwa mdogo wake Manase, ambaye ameshaingiza mke, na bibi harusi hatolewi ndani kwa sababu ya ukweli uliochelewa. Katibu wa kikao aliandika hivyo. Wakaomba sala ya kufunga, chai ikaletwa, na Agnela akapewa kikombe cha kwanza.

Alipomaliza alisimama, akakunja kanga yake mkononi.

"Baba, basi naomba barakoa yangu."

Mzee Sumari alikuwa ameshaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti. Aliweka kiganja juu yake.

"Niachie hii, mama," alisema. "Wewe bado kijana, utaolewa. Mimi sina namna nyingine ya kumtafuta."

Agnela alitafuta moyoni sababu ya kukataa. Alitafuta kwa makini, watu wakimsubiri, asiione.

"Sawa, baba," alisema.

Fanuel alimsindikiza kushuka barabara kuu. Njia ilikuwa na utelezi, kwa hiyo walikwenda taratibu, na walipofika lami sauti ya mzee ilikuwa inasikika tena juu migombani, ikimwita Baba Anande, ikimuuliza kama amekula. Fanuel aligeuka kutazama. Agnela alimuuliza kama gari za mjini bado zinasimama upande wa pili, kisha akaangalia kulia na kushoto, akavuka.