Kiti cha Saa Nane

Mashine ya vizibo haiachwi peke yake. Hilo nilifundishwa kiwandani kabla hata ya kuonyeshwa choo. Ukiizima na plastiki ya moto ndani, inaganda kama jiwe, na mafundi wanapoteza siku nzima kuikwangua. Vizibo vikikosekana, chupa hazifungwi na kiwanda kizima kinakaa kimya. Kwa hiyo wa asubuhi hanyanyuki mpaka wa mchana afike na kukalia kiti kile kile, kingali na joto. Huzimwa saa nne usiku tu, plastiki yote ikiisha kukamuliwa.

Wa mchana wangu tulimwita Saa Nane, kwa kuwa ndiyo saa aliyoingia kazini. Yeye aliniita Dada Alfajiri. Miaka minne tulipanga chumba kimoja nyuma ya kiwanda, sisi wawili na watoto wetu: Bonge wangu na Kidoti wake. Mimi nikiwa kazini, yeye analea. Saa nane kasorobo anawaleta getini, anawaacha kibandani kwa mlinzi, anaingia, ananipa ufunguo na kukalia kiti. Mimi natoka, nawachukua watoto, nalea mpaka atoke saa nne usiku. Watoto walikaa kwa mlinzi dakika saba tu, na mlinzi alikuwa akilalamika kwamba amekuwa yaya bila kuombwa. Ufunguo wa pili ulipotea zamani. Hatukuchonga mwingine, maana mmoja wetu alikuwa ndani sikuzote.

Halafu serikali mbili zikagombana juu ya daraja na mpaka ukafungwa. Redio ikaanza kusema "wale". Saa Nane alikuwa mmoja wa wale. Ofisini hawakujua, maana alizungumza kama sisi na aliishi hapa tangu msichana. Mimi nilijua. Aliniambia mwaka aliougua homa ya mapafu akidhani anakufa, ili nijue mtoto nimpeleke kwa nani.

Jumanne msimamizi alileta fomu ya wafanyakazi wote. Mimi nina stashahada ya ukarani, ingawa kazi ya ukarani sikuipata, hivyo makaratasi ya zamu zote huja kwangu. Kulikuwa na jina, mashine, na mahali pa kuzaliwa. Alisema ni kwa ajili ya vitambulisho vipya. Nikachukua rula nikanyoosha mistari.

Mama Gundi, anayebandika lebo kwenye chupa na aliyekuwa amekisia siku nyingi, aliinama begani kwangu nilipofika kwa Saa Nane.

"Andika kwetu," alisema. "Karatasi haina macho."

Nilimjibu kwamba sikusoma miaka miwili chuoni ili nije kudanganya karatasi. Nikaandika mji wake, ng'ambo ya mpaka, kwa herufi zilizosimama vizuri.

Sitajitetea. Usiku uliotangulia, alipotoka zamu, tulikuwa tumegombana. Aliunguza sufuria yangu kubwa, nami nikamwambia kwamba mtu asiyenunua vitu hajui kuvitunza. Aliinamisha kichwa. Kama sufuria ile iliingia kwenye kalamu yangu, sijui. Mara nyingine nadhani iliingia.

Alhamisi saa nane ilifika, kisha nane na dakika kumi, na kiti kikabaki chini yangu. Saa Nane hajawahi kuchelewa, hata siku ya mafuriko alikuja na viatu mkononi. Mama Gundi alirudi kutoka chooni uso umemshuka. Alisema askari wa uhamiaji wako getini na lori, wanasoma majina kwenye karatasi, na Saa Nane wamemsimamisha ukutani pamoja na watoto.

Nilimwita msimamizi nikamwomba mtu wa kunipokea. Akasema hakuna mwingine anayeijua mashine ile, na nikinyanyuka nisirudi. Nilitazama vizibo vinavyodondoka, vyeupe, kimoja kimoja. Nikabonyeza kitufe chekundu. Laini yote ya chupa ikasimama nyuma yangu, na nikasikia mtu akisema, "Huyu ana wazimu."

Ukutani walikuwa wanawake sita. Mlinzi alikuwa amemshika Bonge mkono. Kidoti alikuwa amejificha kwenye gauni la mama yake. Nilikwenda moja kwa moja kwa askari mwenye karatasi. Mistari ya rula niliitambua kabla sijamfikia.

Nilimwambia pana kosa, kwamba fomu niliijaza mimi, na yule mama ni mzaliwa wa hapa.

"Umekosea juzi au unakosea leo?" aliniuliza. Wala hakuwa na hasira. "Mwandiko mzuri namna hii, mama, haukosei."

Wenzake wakacheka. Saa Nane alikuwa akinitazama muda wote huo.

"Mashine umemwachia nani?"

"Nimeizima."

"Itaganda."

"Najua."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei. Kisha akasema, "Huo ni mwandiko wako."

"Ni wangu."

Nilingoja anitukane. Ningepumua. Badala yake alimtoa Kidoti kwenye gauni lake akamsukuma kwangu. Alisema wanapelekwa darajani, na daraja limefungwa pande zote mbili, kwa hiyo watakaa pale kwenye jua mpaka wakubwa wapatane. Pale hapamfai mtoto.

"Kaa na mama yako mkubwa," alimwambia. Akaniinulia macho. "Sina mwingine upande huu. Ningekuwa naye, nisingekupa wewe. Uji wake uuchuje, ukiwa na madonge anatapika."

Lori lilipoondoka Kidoti hakulia. Alishika kidole changu kimoja, kama alivyozoea kila siku saa nane, akanivuta kwenda nyumbani.

Mlangoni ndipo nilipokumbuka ufunguo. Ulikuwa shingoni mwa Saa Nane, kwenye kamba ya kiatu. Niliokota jiwe nikapiga kufuli huku majirani wakichungulia, na hakuna aliyeuliza. Kufuli lilivunjika kwa pigo la tisa.

Simu ikalia kabla sijaingia. Msimamizi alisema mafundi wanakwangua, na kwamba magunia ya plastiki yaliyobaki ni ya siku nne, mengine yako ng'ambo. Kisha akashusha sauti, akasahau kwamba alinifukuza, akaniomba nije kesho alfajiri, maana hana mtu. Nilimuuliza watoto nimwachie nani. Akauliza kama sina ndugu. Nikakata.

Ndani, sufuria yangu kubwa ilikuwa imefunikwa juu ya meza. Alikuwa ameisugua mpaka ukiitazama unaona uso wako. Sikuitazama sana.

Watoto walikaa mkekani wakangoja. Nilikoroga uji, ukafanya madonge, maana uji wa watoto sikuzote aliupika Saa Nane, asubuhi. Nikatafuta chujio rafuni, chini ya kitanda, kwenye kapu la nguo.

"Mama mkubwa," Kidoti alisema, "mama haliweki huko."

"Analiweka wapi?"

Alifikiri, kisha akatazama mlango usio na kufuli. "Yeye ndiye anajua," akasema.