Mwanamke Chini ya Mtende

Babu yake Skolastika alimjengea padri mmoja Mwitaliano kuta za kanisa, na padri, alipokuwa anarudi kwao kuzeeka, akamwachia sarafu ya fedha ya Warumi wa kale, imetiwa kitanzi cha waya ivaliwe shingoni. Miaka yote pale Butiama ilining'inia ukutani pamoja na rozari, hakuna aliyeijali. Sasa ndiyo iliyobaki kati ya Naomi, binti wa Skolastika, na kaburi. Mtoto ana miaka mitatu, jicho la kushoto limeota uvimbe, na daktari wa Mwanza hakuzunguka: jicho litolewe Jumatatu, au ugonjwa utapanda kichwani.

Jumanne Skolastika alikwenda Nyakato, Musoma, kwa Gody, dalali wa vitu vya kale. Gody aliitazama kwa lenzi, kisha akachangamka ghafla.

"Dada, unamwona huyu mwenye shingo nene? Ni Kaisari. Haya, geuza. Huyu mama anayelia chini ya mtende ni Wayahudi, taifa zima. Kaisari aliwapiga vita, akawashinda, akawaweka kwenye pesa. Ukienda kununua mkate umemshika aliyeshindwa, unakumbuka bwana wako ni nani."

Skolastika alimtazama yule mwanamke, kiganja shavuni, magoti yamekunjwa. Yeye mwenyewe alikaa hivyohivyo kwenye benchi la hospitali. Akamwonea uchungu, akapata na hasira: mtu analizwa miaka karibu elfu mbili kwenye mifuko ya watu!

Bei aliyotajiwa ilitosha upasuaji, dawa na nauli. Mnunuzi angefika Alhamisi kutoka Arusha. "Ila kitanzi kitolewe na fundi anayejua," Gody alisema.

Fundi anayejua alikuwa mzee Hamduni, sonara wa Kabasa, kule Bunda. Skolastika alimwambia atoe kitanzi, basi. Habari ya kuuza akaimeza, maana shemeji zake wana maduka mtaa huohuo, na wakisikia harufu ya pesa hawakawii kufika. Mzee, aliyezoea kumwita Naomi mjukuu, aliuliza tu, "Mjukuu wangu anaendeleaje?" Skolastika akalia mbele yake, akaacha sarafu mezani, akawahi gari la nyumbani.

Laiti angesema!

Jumatano asubuhi mzee alimpokea anatabasamu. Kitanzi kipya, mkufu mwembamba, sarafu inang'aa kama kijiko cha dukani. Upande wa Kaisari ulikuwa mtupu. Skolastika akageuza. Mtende ulikuwepo. Chini ya mtende hapakuwa na mtu.

"Nimemtengenezea mtoto kidani," alisema mzee Hamduni. "Sura nimezitoa na tupa. Hata zile za Mfalme Joji kwenye shilingi za mkoloni huwa naziondoaga, wateja wangu hawapendi kusali na sura ya mtu kifuani. Na sikudai kitu, mwanangu."

Skolastika alipiga yowe hadi wapita njia wakasimama. Alipomweleza yote, mzee alikaa sakafuni na tupa yake mkononi. Miaka arobaini ya kazi, na mkono wake haujawahi kumdhuru mtu.

Walikwenda Musoma pamoja. Gody alishika kichwa. Halafu akasema neno lililowafufua: Warumi wenyewe walikuwa na tabia ya kufuta sura ya Kaisari waliyemchukia, na sarafu za hivyo zina wateja wake. Mzee akaanza dua kwa sauti. Skolastika alishikilia ukingo wa meza. Gody aliinamia lenzi muda mrefu mno.

"Hii ni ya jana, dada. Tupa inaonekana. Halafu huyu mama hawakuwa na sababu ya kumfuta. Huyu walitaka abaki."

Mzee Hamduni alisema atauza vyombo vyake vya kazi. Visingefika hata robo ya bei ile.

Butiama, Naomi alikimbilia mlangoni, akauona mkufu kwenye vidole vya mama yake. "Wangu?"

Skolastika alitaka kusema hapana. Akamvalisha.

Mtoto aligeuza kichwa pembeni kama alivyozoea, ili jicho zima ndilo lione, akakishika kidani kwa mikono miwili.

"Mama, mti!" alisema, akacheka.

Skolastika alikaa chini kizingitini, akakunja magoti, kiganja shavuni.