Lebo ya Ayampoka

Kusoma nilijifunza kwa maandishi ya nyuma ya malori. Lori moja linakuambia Mungu yupo, la pili linakuambia shemeji zako wana wivu, na ukiyafuata kwa miaka thelathini na mmoja, Kumasi hadi kwetu Bolga, kaskazini mwa Ghana, Bolga hadi Kumasi, unatoka msomi kamili. Nimewahi kuleta shehena ya viazi vikuu kutoka Tamale bila breki, nikilisimamisha lori kwa kulibembeleza. Hiyo amini usiamini, shauri yako. Hii ninayosimulia sasa ndiyo natamani ingekuwa uongo.

Nilipostaafu, kanisa lilinipa kazi ya lebo. Wajane wetu husuka vikapu vya nyasi, na vikapu hivyo hununuliwa na kanisa moja la huko Uskoti kwa mtindo wanaouita biashara ya haki. Hawapunji bei, na fungu fulani linabaki kanisani kwetu kununua mtama wa kuwalisha wajane hao miezi ya njaa, kabla mvua haijatoa kitu. Sharti lao ni moja tu. Kila kikapu kining'inizwe lebo ya karatasi yenye jina la msusi na maneno machache juu ya maisha yake, ili anayenunua amjue aliyekisuka.

Wajane walikuwa arobaini na wawili. Nilianza vizuri. Fulani ana watoto watano, anasuka vikapu. Fulani ana watoto sita, anasuka vikapu. Kufika wa kumi na saba usingizi ukanielemea, na wa kumi na saba alikuwa Ayampoka, mke wa marehemu rafiki yangu Anaba. Nikaandika: "Ayampoka ni kipofu. Rangi za nyasi anazichagua kwa kuzinusa."

Nikacheka peke yangu. Kadi zikaenda kuchapwa mjini, zikarudi maboksi kwa maboksi, zikafungwa kwenye vikapu. Hakuna aliyezisoma. Nani husoma karatasi ya sabuni anayoifulia kila siku? Vikapu vya Ayampoka vikawa vinaondoka haraka kuliko vya wenzake wote, naye akaamini ni kwa sababu ya kitako chake. Kitako cha kikapu, nina maana hiyo.

Mwaka wa nne, mwezi wa Desemba, Mchungaji Awuni akaja kwangu na barua, uso umempauka kama aliyepakwa majivu.

"Mzee Akolgo, soma hapa."

Nikasoma. Waumini wa Uskoti walikuwa wameuza keki na chai mwaka mzima wakichanga hela. Januari anakuja Bi Morag, msimamizi wao, pamoja na daktari wa macho waliyemkodi Tamale, kumpasua Ayampoka ili aone tena.

"Ayampoka yupi?" mchungaji akauliza. "Huyu huyu aliyeniambia Jumapili kwamba soksi zangu hazifanani?"

"Huyo huyo."

"Nani ameandika kwamba ni kipofu?"

Nikaangalia kuku wangu. Mchungaji naye akawaangalia. Tukawaangalia muda mrefu.

"Wakijua tumewadanganya," akasema mwishowe, "hawatanunua tena hata mfuniko. Na mwezi wa Juni tutawapa nini wale akina mama?"

"Na wasipojua," nikasema, "watamkata macho mazima."

Nilikwisha kusema uongo mwingi maishani, lakini ni uongo wa kupita, unatoka mdomoni unaishia barabarani. Huu ulikuwa umekwenda ng'ambo, ukakusanya hela, na sasa ulikuwa unarudi na kisu.

Nilimkuta Ayampoka uani kwake amekaa chini miguu kainyoosha, anasokota nyasi. Upepo wa vumbi ulikuwa umeanza. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, maana nilitaka kuwa tayari kukimbia. Hakunyanyuka. Aliendelea kusokota mpaka nikamaliza.

"Kunusa?" akasema. "Nanusa rangi?"

"Nisamehe, shemeji."

"Miaka minne wanalia juu yangu huko, na mimi hapa nawachekea wenzangu kwamba nasuka vizuri kuliko wao." Akaikata nyasi kwa meno. "Anaba aliniambia. Alisema, huyu rafiki yangu Akolgo siku moja atatuua kwa mdomo wake."

"Nitawaambia ukweli."

"Utawaambia, halafu Juni wale wenye watoto watakula lebo zako?" Akachukua nyasi nyingine. "Nitakuwa kipofu kwa siku moja. Kipofu mwoga. Nitasema naogopa kisu, sikitaki, waende zao. Kuogopa kisu si dhambi. Ila unisikilize vizuri, Akolgo. Yule mtu akisema tu atanikata, hata kama ni kwa utani, wewe unasimama unasema kila kitu. Mbele ya watu wote. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Apa kwa lori lako."

Nikaapa. Toka siku ile mpaka wageni walipofika, nadhani sikulala hata masaa mawili mfululizo. Kila nikifumba macho naona kijiko kidogo chenye ncha kali, sijui kwa nini kijiko, kinaingia polepole.

Walikuja siku ya Jumanne asubuhi. Bi Morag alikuwa mama mnene mwenye madoadoa usoni na kofia kama sinia, mtu mwema kabisa, na wema wake ndio ulionitisha zaidi. Alimkumbatia Ayampoka, akamshika mashavu, machozi yakamtoka. Ayampoka alikaa kwenye benchi la mbele la kanisa, amekaza macho kwenye ukuta kama tulivyofanya mazoezi. Alikuwa anajitahidi. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na hiyo ilikuwa asubuhi ya baridi.

Daktari alikuwa anaitwa Dery. Nilipolisikia jina nilitaka kuzimia. Mdagaaba. Wadagaaba na sisi Wafrafra ni watani tangu enzi za mababu, tunagombania kichwa cha mbwa nani akile, na mtani hana breki. Nilikuwa nimejiandaa kumdanganya daktari, si mtani.

"Salamu, watumwa wangu," akasema pale mlangoni. "Kichwa cha mbwa mmeniwekea au mmekwisha kutafuna?"

"Tumekuachia mkia," nikajibu.

"Mkia kula wewe mzee, una uso unaofanana nao." Akacheka, akaweka begi lake juu ya meza ya sadaka, akalifungua. Vitu vilivyokuwa mle ndani vilimeremeta. Ayampoka alivitazama, nikamwona akivitazama, nikakohoa, akarudisha macho ukutani.

Akina mama wakaleta maji ya unga kwenye vibuyu, maana mgeni haongeleshwi kabla hajanywa. Bi Morag akapewa chake akakaa karibu na Ayampoka. Akakinyanyua. Kikakaribia midomo.

"Ngoja, mama, kuna inzi," akasema Ayampoka, akanyoosha kidole akamtoa.

Mchungaji Awuni akaanza kukagua dari. Bi Morag, ambaye hakujua lugha yetu, akatabasamu akanywa.

Daktari Dery akaweka kibuyu chake chini taratibu.

"Nimetibu vipofu miaka kumi na tisa," akasema kwa lugha yetu, sauti ya chini, anatabasamu. "Wapo wanaosikia mvua kabla haijaja. Lakini huyu ni wa kwanza kusikia inzi akiogelea."

"Sawa," akaendelea. "Nimelipwa kupasua, nitapasua. Nyinyi Wafrafra si hamna haja ya macho? Kichwa cha mbwa mnakipata kwa harufu. Nianze na jicho lipi, mama? Au nichukue yote mawili, moja nikamwonyeshe mke wangu?"

Ilikuwa utani. Nilijua ni utani. Ila begi lilikuwa wazi, na alikuwa anavaa glavu huku akisema, na mkono wa Ayampoka ulikuwa umekamata ukingo wa benchi mpaka vidole vimebadilika rangi. Alinigeukia. Alikuwa anangoja nisimame. Nami, watu wangu, niliyeapa kwa lori langu, nilibaki nimekaa.

"Tazama hapa," akasema daktari. Akawasha tochi ndogo, akaweka kioo, akainama mbele ya jicho la kulia. "Eeh, hili ni jicho la mwizi wa kuku na kanga. Limeona kanga wangapi hili." Akahamia la kushoto. "Na hili ndilo linalolinda mlango wakati mwenzake..."

Akakatisha hapo.

Akasogeza tochi, akarudi, akasogeza tena. Akachukua chupa kwenye begi bila kugeuza kichwa, akamdondoshea matone, akachukua chombo kama kalamu akagusisha jichoni. Akasoma namba. Akagusisha tena. Tabasamu lilikuwa limemtoka kabisa usoni, na alipomsemesha safari hii alimsemesha kama mwana anavyomsemesha mama yake.

"Mama, niangalie pua. Usihamishe macho. Vidole vyangu unaviona?"

Alikuwa amenyoosha mkono pembeni, upande wa kushoto, anachezesha vidole. Sisi wote tulikuwa tunaviona.

"Vidole gani?" akauliza Ayampoka.

Akausogeza mkono mbele kidogo. "Sasa?"

"Weka mkono basi ndipo uniulize."

Akausogeza tena, tena, mpaka karibu na pua yake mwenyewe.

"Hapo naviona," akasema Ayampoka. "Vilikuwa wapi?"

Daktari akavua glavu moja.

"Siku hizi unajigonga mlangoni? Bega hili la kushoto?"

"Mlango umepinda."

"Unakanyaga vitu? Unamwaga maji upande huu?"

Nilimwona Ayampoka anafikiria, na kadiri alivyofikiria ndivyo mdomo wake ulivyozidi kufumbuka.

"Ni presha ya macho," akasema daktari. "Haiumi, haiwashi. Inakula kuanzia pembeni kuja katikati, na mtu hajui mpaka imefika. La kushoto imekula sana. La kulia imeanza kuonja. Ikiachwa, miaka miwili hivi, mitatu, itakuwa giza. Lililopotea silirudishi. Kilichobaki naweza kukishika. La kulia kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yake yote. La kushoto lazima nilipasue."

Amelisema, na safari hii si utani. Basi nikasimama, maana niliapa. Nikasema yote, kwa sauti ya kupasuka, kwamba mwanamke huyu si kipofu, kwamba ni mimi niliyeandika, nilikuwa na usingizi, nilitaka kucheka, asiguswe, nikamatwe mimi. Mchungaji Awuni, namshukuru, alimtafsiria Bi Morag neno kwa neno bila kunipunguzia hata moja.

Daktari Dery alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kaa chini, mzee," akasema. "Ulichoandika kinakuja. Kilichelewa tu."

Sijawahi kuogopa hivyo. Lile lori la Tamale lilikuwa mchezo. Nilikaa nikaitazama mikono yangu kama mtu aliyegundua kwamba amebeba kitu cha watu.

Bi Morag akasema jambo fupi. Mchungaji akanitafsiria: ya lebo tutayazungumza, kwanza macho. Na yalizungumzwa, siku tatu, sina hamu ya kuyakumbuka. Zile kadi zilichomwa. Sasa lebo zina jina na kijiji basi, na vikapu vinaondoka polepole, lakini vinaondoka.

Tulipotoka kanisani Ayampoka alikataa kushikwa mkono. Alitembea mpaka kwenye kivuli cha ukuta akaniita.

"Uliona nini usoni kwangu ukaandika vile?"

"Sikuona kitu, shemeji. Nakuapia."

"Wajane arobaini na wawili. Ukanichagua mimi."

"Ni usingizi."

"Nakuuliza tena, Akolgo."

Nimejiuliza kama mwaka ule nilimwona akijigonga mahali nikasahau. Nimejiuliza na mengine ambayo siyaandiki.

Alipasuliwa Ijumaa, hospitalini mjini. Alikubali kwa sharti kwamba nisimame upande wa kulia kwake, ili jicho likiharibika awe na lingine la kunilenga nalo. Walinivalisha kofia ya karatasi. Alikuwa anatetemeka, kitanda kikawa kinagonga ukuta, na mimi nilikuwa nimemshika kidole cha mguu. Hakuniomba hadithi na mimi sikuwa nayo. Mdagaaba hakutania hata mara moja. Niliomba kimoyomoyo atutukane.

Bandeji ilipotolewa hakuna kilichobadilika. Ndivyo ilivyo, daktari alituambia mapema. Kazi nzima ni ya kulinda kilichobaki, na kama imekaa vizuri au haikukaa utajua kwa miaka, siku hadi siku, kwa kutokupofuka.

Kwa hiyo kila asubuhi napanda baiskeli. Ayampoka anakuwa amekaa uani, amefunika jicho la kulia kwa kiganja, anasubiri. Naingia kutoka kushoto kwake, nimevua ndala ili asinisikie, naisukuma baiskeli kidogokidogo kuelekea mbele. Tuna jiwe tuliloweka alama. Nikifika hapo lazima awe ameniona, na akiniona ananitukana. Ananiita mkia wa mbwa, ananiita kichwa cha lori, juzi ameniita choo cha misheni. Nikishatukanwa napumua, navaa ndala, nakunywa maji ya unga, naondoka.

Jana nilifika kwenye jiwe, kimya. Nikasubiri. Nikapiga hatua ya pili, kimya. Uso wake ulikuwa umeelekea mbele, umetulia, kiganja juu ya jicho. Ya tatu. Ya nne niliipiga mguu ukiwa mzito kama wa mtu mwingine.

"Nilitaka nione utafika wapi, mzee mwizi wa kuku," akasema.

Nikacheka, naye akacheka. Lakini alipoondoa kiganja alichelewa kidogo kunitazama, akaanza kupapasa akitafuta matone yake pale chini upande wa kushoto, na chupa ilikuwa karibu kabisa na goti lake. Aliipata. Sikumuuliza kama kweli aliniona pale kwenye jiwe. Leo asubuhi nimetoka mapema zaidi.