Kugeukia Ukuta

Binti yangu Odeta alikuwa na kifafa tangu utotoni, na nyumbani kwetu Kiseke hapakuwa na mtu aliyewahi kukiona. Kikimshika, sisi tunageukia ukuta. Ndivyo tulivyolelewa: ukimtazama usoni mtu aliyeanguka, ugonjwa unamhama unakuja kwako. Basi ukisikika mshindo jikoni, dada yangu Bernadeta anageuka, mimi nageuka, hata jirani aliyekuja kuomba chumvi tunamgeuza. Tunasubiri kelele ziishe, ndipo tunamwinua. Ukuta ule naujua ufa kwa ufa. Kuna mmoja mrefu ni reli kabisa ya kutoka Mwanza kwenda Tabora, na pale kituo cha Malampaka kuna mchwa anauza karanga.

Mimi nilikuwa fundi wa kinu cha pamba. Soko huria lilipokuja kinu kikafungwa, tukapeana mikono, nikarudi kukaa nyumbani na Odeta. Alikuwa mtu mzima sasa, anakunywa fenobabitoni ya zahanati. Dawa ile haikuzuia kuanguka. Kila wiki alianguka mara mbili tatu. Ila ilizuia mengine yote. Hakucheka, hakugomba. Ukimwambia nyumba inaungua, atauliza, "Ipi?" Zamani nikimsimulia kambare niliyemvua akiwa amevaa saa ya mkononi, aliuliza kama ni ya mkanda wa ngozi au wa chuma. Siku hizi nikisema kambare, yeye ananijibu, "Ndiyo, baba." Na mimi nikaanza kuwa hivyo hivyo, bila kumeza kidonge chochote.

Ndipo tukasikia kwamba hospitali moja ya binafsi mjini, katika zile zilizofunguliwa baada ya serikali kuziruhusu, imeleta daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu kwa wiki moja tu. Daktari Kausar, mzaliwa wa hapa hapa, mjukuu wa wenye duka la vitambaa Nyamagana. Tukaenda watatu: mimi, Odeta na shangazi yake.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akamgonga Odeta magoti kwa nyundo ndogo, akammulika machoni. Kisha akashika kalamu.

"Kifafa si cha aina moja," akasema. "Kuna kinachoshika ubongo wote kwa pamoja, na kuna kinachoanzia pembe moja. Dawa zake ni tofauti. Mashine ya kupima umeme wa ubongo sina hapa, kwa hiyo nategemea macho yenu. Kabla hajaanguka, kinatangulia nini?"

Bernadeta akanitazama. Nikaona aibu kukaa kimya mbele ya msomi, nikaanza kazi.

"Daktari, kwanza kuku wananyamaza. Halafu upepo unatoka ziwani una harufu ya sangara. Halafu Odeta anaruka juu, kimo cha mlango, anageuka hewani…"

"Mzee."

"Naam."

"Kimo cha mlango?"

"Mlango wetu mfupi."

Akaweka kalamu chini. "Nikiandika dawa kwa maneno hayo, nitampa isiyo yake, na atabaki hivi hivi alivyo. Mama, wewe umeona nini?"

"Ukuta," akasema dada yangu.

"Na wewe Odeta?"

"Kikija, mimi sipo."

Daktari akaifunga kalamu. "Naondoka Ijumaa. Kifafa hakiambukizi kwa macho wala kwa mate. Kikimshika, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, na mmtazame. Kisha mje mniambie."

Kesho yake nikaweka kigoda mbele ya Odeta alipokuwa anachambua dagaa.

"Baba, unanitazama kama ng'ombe wa mnadani."

"Ng'ombe wa mnadani anatazamwa meno. Fumbua mdomo."

Akafumbua kweli, bila hata tabasamu. Nikatazama, nikamwambia afumbe.

Bernadeta akapita na ndoo. "Na wewe kaka ukianza kuanguka, nani atakutazama?"

"Wewe."

"Thubutu! Mimi nina ukuta wangu."

Siku ile ikapita bure, na iliyofuata. Alhamisi, chai ikiwa bado mezani, kidole gumba chake cha kushoto kikaanza kucheza peke yake. Odeta hakukiona. Kisha pembe ya mdomo, upande ule ule, ikavutwa. Kichwa kikageuka kushoto, polepole, kama anaitwa na mtu aliye nyuma yake. Ndipo akaanguka.

"Geuka wewe! Geuka!" Bernadeta alikuwa ameshajipanga ukutani, ananivuta shati kwa nyuma.

Nikamlaza Odeta ubavu, nikatazama. Nilidhani nitaogopa, au nitalia. Sikuhisi kitu. Nilitazama kama nilivyokuwa nikitazama mashine kinuni ikianza kugonga, nikitafuta gurudumu lililoanza. Ilipokwisha akalala pale pale sakafuni, kanga imelowa mkojo, nami nikamfunika.

Ijumaa tulimkuta daktari begi liko mlangoni.

"Kidole gumba cha kushoto," nikamwambia. "Halafu mdomo, upande huo huo. Halafu kichwa kinageukia kushoto. Halafu anaanguka."

"Na baada ya kidole, anachukua muda gani kuanguka?"

"Kama wa kumwita mtu aliye uani, naye akaitika."

"Kingine?"

"Basi."

Dada yangu akanikodolea macho, akingoja niongeze. Sikuongeza. Daktari akaandika dawa mpya, kabamazepini, akaeleza jinsi ile ya zamani itakavyopunguzwa kidogo kidogo, isikatishwe ghafla, na kwamba atarudi baada ya miezi miwili kuona imefanya nini. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Odeta alikuwa amekiinua kidole. "Hiki?"

"Hicho," nikasema.

"Hakuna aliyewahi kuniambia." Alisema kwa sauti ile ile ya kila siku.

"Ukikiona kinacheza, kaa chini pale pale," daktari akamwambia. "Na uwe mbali na moto."

Nje tukakaa kwenye ngazi, tukimsubiri Bernadeta aliyekwenda duka la dawa. Odeta alikishika kidole gumba kwa mkono wa pili.

"Baba, na uso wangu? Unakuwaje?"

Majibu mazuri yalikuwa tayari ulimini, hata kambare alikuwamo.

"Macho yanabaki wazi," nikasema. "Hayaoni. Mdomo unatoa povu."

"Ni mbaya?"

"Mbaya."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu asichonunua. Hakukiachia kidole.